Tarumbeta, mapambio na sebene: nani anaimba kanisani?

Ukikaa na wakristo wa Mbeya mjini, au Tukuyu, au Njombe huko, mkaanza kuongelea ibada, baada ya muda mfupi tu mtakuwa mmefika kwenye muziki. Wazee wanasema vijana wamegeuza kanisa disko, sebene kuanzia mwanzo wa ibada mpaka matangazo. Vijana nao wanasema wazee wanaendesha Jumapili kama vile kuna maiti ndani. Na kila mmoja ana andiko lake, huyu anakupa Zaburi 150 na matoazi yavumayo sana, yule anakujibu na 1 Wakorintho 14, mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu, basi hapo hamtoki.

Hoja ya wazee inayorudiwa sana ni kwamba tunaacha asili yetu. Sasa hapo mimi huwa nacheka kidogo. Asili ipi? Wamoraviani kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa misheni ya Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Nyimba za kitabu tunazozililia leo nyingi zilikuja na watu hao, na tarumbeta pia. Chetu kilikuwa ngoma, na ngoma ndiyo iliyopigwa marufuku. Msibani kwa Wanyakyusa watu walikuwa wanacheza, tena kwa nguvu kabisa, wakristo wa kwanza wakaambiwa hiyo ni mambo ya kipagani, nyimba za kitabu zikachukua nafasi yake. Kwa hiyo mzee anayelinda tarumbeta dhidi ya kinanda cha umeme analinda mgeni wa juzi dhidi ya mgeni wa jana.

Wakatoliki nao walipita humohumo. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano na ngoma kanisani, vyombo vya kelele. Miaka 60 baadaye, Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia, yaani utaratibu wa ibada, inayosema muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Leo ukiingia parokia yoyote ya Iringa au Mbeya unakuta ngoma, kayamba, vigelegele, na hakuna anayeshtuka.

Kwa wale Wamoraviani wenzangu kuna kitu kingine cha kufurahisha. Ile ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, ambayo mzee wa kanisa ukimgusia kuibadilisha anaweza kukuitia kikao, ilianzishwa na vijana. Ni vijana wa kiume ambao hawajaoa, huko Herrnhut, kijiji cha Wamoraviani Ujerumani, mwaka 1732, waliamua wenyewe kwenda makaburini kabla jua halijachomoza wakaimbe, na mwaka uliofuata kanisa zima likawafuata. Tena hukohuko Herrnhut walikuwa na ibada za kuimba tu, kiongozi anachukua ubeti wa wimbo huu anauunga na ubeti wa wimbo ule bila kutangaza namba, watu wanafuata kwa kichwa. Ukiangalia vizuri ndicho wanachofanya wale wa kusifu na kuabudu wakiunga mapambio matano, zile nyimbo fupi za kurudiarudia, kwa pumzi moja.

Mpaka hapo utadhani nimeshahamia upande wa vijana. Hapana.

Maana hao watu wa Herrnhut walikuwa wanaimba wote, na hapo ndipo timu nyingi za sifa za mjini zinaponishinda. Watu sita mbele wana maiki, fundi mitambo kapandisha sauti mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka, wimbo wenyewe umetoka kwenye simu wiki iliyopita, basi kusanyiko linasimama linapiga makofi na kuangalia. Bibi aliyekaa benchi la tatu, mwenye kitabu chake alichokifunika kwa karatasi ya kalenda, hajui hata neno moja. Ila pigeni tenzi, zile nyimba za kitabu, hata kitabu hafungui, anaimba kwa Kinyakyusa wakati wengine wote mko kwenye Kiswahili na sauti zinakutana vizuri tu. Yale maneno ameyabeba kichwani tangu mwalimu wa kipaimara amfundishe. Wimbo unaobadilishwa kila mwezi hauwezi kukaa ndani ya mtu namna hiyo.

Ila wazee nao wasijisifie sana, kwa sababu kwaya zao zina ugonjwa huohuo. Kwaya kuu inasimama na sare zake, sauti nne, wimbo wa beti saba, na sisi wengine tunasikiliza tu. Tofauti na timu ya sifa ni kwamba hawa wametulia, basi. Na ile liturujia ya kujibizana na mchungaji, kijana wa chuo haifahamu, hajafundishwa na mtu, huko shuleni alikaa UKWATA au CASFETA, vile vyama vya wanafunzi wakristo, akazoea mapambio na watu wa madhehebu mbalimbali, halafu akirudi nyumbani anaonekana amepotea.

Sharika nyingi zimetatua kwa kugawa, ibada ya kwanza asubuhi na mapema ya kitabu, ya pili ya vijana. Amani inapatikana, ni kweli, na nafasi pia maana watu ni wengi. Lakini mimi naona ni talaka ya kistaarabu. Bibi anarudi nyumbani anakutana na mjukuu wake getini ndo anaingia, na mahali pekee wanapokutana ni kwenye mnada wa sadaka za kuku na mikungu ya ndizi pale nje, kama mnada wenyewe umechelewa.

Mimi ningeanza na vitu vidogo. Katika kila mapambio matatu moja liwe tenzi, lipigwe hata kwa gitaa la bezi sina shida, ila ubeti wa mwisho fundi mitambo azime kila kitu tusikie nani anaimba. Vijana wafundishwe liturujia na sababu zake, wasiamriwe tu. Na wazee nao waje mazoezini Alhamisi jioni waseme wanachotaka hukohuko, sio kusubiri Jumapili waje kukunja sura.