Kuacha soda ughaibuni ni rahisi, kazi iko nyumbani

Kuna hii tabia yetu watu wa ughaibuni, mtu akishaacha kitu huku basi akitua nyumbani anageuka mhubiri, mara sukari inaua, mara nyie mnawezaje kunywa soda mchana kweupe hivi, na watu pale sebuleni wanamwangalia tu. Mi nipo Uingereza miaka sasa na soda ya kila siku nimeachana nayo kweli, ila sioni inanipa haki gani ya kumsema mtu aliyeko Tanzania, maana huku nusu ya kazi nilifanyiwa.

Kwanza watu wanadhani tulitoka nayo nyumbani. Wapi. Nyumbani soda ilikuwa na siku zake, mgeni kaja, harusi, kipaimara, Idi, Krismasi, na chupa yenyewe ya glasi, ukimaliza inarudi kwenye kreti, huwezi kuzurura nayo. Huku ndo ikawa ya kila siku. Shifti za usiku, mashine ya vinywaji iko pale korido inanguruma yenyewe, unagusisha kadi kopo linadondoka, hakuna hata muuza duka wa kukuangalia kwamba huyu si jana tu alikuwa hapa. Ukirudi geto friji ni lako peke yako, ndani kuna chupa ya lita 2, na ile ukishaifungua unaona bora uimalize kabla gesi haijatoka. Upweke nao unachangia, asikudanganye mtu, saa zile kule nyumbani wanapiga stori barazani wewe uko na kopo na simu.

Sasa hesabu yake. Kopo la kawaida la Coca-Cola la huku, mililita 330, lina gramu 35 za sukari, yani karibu vijiko 9 vya chai. Huduma ya afya ya huku, NHS, inasema mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, kwahiyo kopo moja tu umeshapitiliza hata chai hujagusa. Koroga vijiko 9 kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu uone kama utaimaliza, ila weka baridi, gesi na ile tindikali, inapita kama maji na unatafuta nyingine.

Kilichonisumbua wakati wa kuacha wala sio sukari, ni kichwa. Kola ina kafeini, na mwili uliozoea kafeini ukiikatia ghafla kichwa kinaanza kugonga ndani ya siku moja au mbili na kinaweza kuendelea wiki nzima, na hapo ndo wengi wanarudi wakidhani mwili "umeikosa" soda kumbe kikombe cha chai kingemaliza mchezo. Ushauri wangu kwa hiyo punguza taratibu, usijifanye shujaa. Na uangalie saa. Kwangu kiu ilikuwa inakuja muda uleule wa mapumziko, hata kama nimetoka kunywa maji, maana nilichokuwa nataka ni kuinuka, kutembea hadi kwenye mashine na kusikia ile tsss. Nikawa nainuka vilevile, natembea vilevile, nakunywa maji ya gesi yenye limao. Kuna utafiti wa chuo cha UCL cha London wa mwaka 2009 ulifuatilia watu wanaojijengea tabia mpya, ikaonekana kwa wastani inachukua siku kama 66 mpaka mtu aifanye bila kufikiria, wengine siku 18 na wengine ilikadiriwa 254, kwahiyo ukisikia mtu anakuuzia "siku 21 tu" mwache aende zake.

Zile soda za zero, zinazotiwa vitamu vingine badala ya sukari, sina ugomvi nazo kama daraja la kuvukia, ila Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2023 walisema wazi kwamba vitamu visivyo sukari visitegemewe kupunguza uzito, na mi niliona zinanibakizia ulimi uleule wa kutaka vitu vitamu. Nikaziacha nazo.

Turudi kwenye ile nusu niliyofanyiwa. Huku tangu Aprili 2018 kuna tozo ya sukari kwenye soda, ilianza na senti 18 za pauni kwa lita kama kinywaji kina gramu 5 mpaka 8 za sukari kwa mililita 100, na senti 24 kwa kuanzia gramu 8. Anayelipa ni kiwanda au mwagizaji, mnywaji anaiona kwenye bei kama wataamua kumsukumia. Kilichotokea ni kwamba viwanda vingi vilipunguza sukari vyenyewe ili vikwepe, Fanta ya huku ikashuka chini ya gramu 5, Irn-Bru, soda ya Waskoti, nayo ikapunguzwa sukari watu wakalalamika mpaka wengine wakajaza stoo ile ya zamani. Nyingi zilizobaki na sukari nyingi zina alama nyekundu mbele ikikuambia sukari iko juu. Na tangu Oktoba 2022 supamaketi kubwa za England haziruhusiwi kuzipanga soda za sukari mlangoni wala pale kaunta ya kulipia. Yani mtu umesimama foleni umechoka, hakuna kinachokukonyeza. Halafu nikisema sinywi soda hakuna anayeuliza kwanini, hapa kila mtu na yake.

Nyumbani sasa. Unaingia kwa watu, hujakaa vizuri, mtoto ameshatumwa dukani na chupa tupu mkononi, na swali unaloulizwa sio kama unakunywa soda, ni "unakunywa soda gani?" Inaletwa juu ya sinia, inafunguliwa mbele yako, kizibo kinaruka, mwenyeji anasimama mpaka aone umepiga fundo la kwanza. Mwambie shangazi "asante mi sinywi" uone uso wake, atajiuliza una kisukari, una maringo ya Ulaya, au una wasiwasi na nyumba yake. Sasa zunguka nyumba tatu nne siku moja, na usipozunguka ndo kesi kubwa zaidi. Huyo ndo mtu unayetaka kumfundisha nidhamu ya kujizuia? Kuacha soda huku ni mambo ya friji lako, kule ni mambo ya watu.

Na hali yenyewe inabadilika, soda ya plastiki, tekawei, imeingia kila kona, haina kurudisha chupa, mtu anaingia nayo kwenye daladala, anakaa nayo ofisini. Hapo ndo naona kule tunaelekea kwenye maisha yangu ya shifti, ile ya kila siku, bila sababu, bila mgeni. Kwa maoni yangu hiyo ndo ya kupigia kelele, soda ya harusini iacheni kwenye harusi.

Tozo kama ya huku naiunga mkono na kwetu, ilimradi ipangwe kwa kiasi cha sukari, kiwanda kione faida ya kupunguza. Ikiwa ni kupandisha bei tu shangazi atalipa, maana hatamkalisha mgeni mdomo mkavu kwa sababu ya bei.

Mi nilichofanya safari ya mwisho ni kupiga simu kabla, nikasema jamani mkinipokea naomba madafu au chai ya tangawizi, nimeyatamani sana. Ukiomba kitu heshima inabaki, ukikataa kitu ndo unaivunja. Ilikubalika karibu kote, isipokuwa nyumba moja waliosema sawa, soda hanywi, mleteeni juisi ya boksi. Haya, juisi ya boksi ya matunda matupu ina sukari inayokaribiana na ya soda, na hata tozo ya huku haiigusi. Nikanywa nusu, shangazi akaniongezea.