Kwenye muhtasari, "Mahali" tuandike nini?

Kila katibu anajua kichwa cha muhtasari kinavyoanza: kikao cha kawaida cha kamati, kilichofanyika tarehe fulani, katika ukumbi fulani, kuanzia saa fulani. Siku hizi wengi wanakwama hapo penye ukumbi. Huyu anaandika "Zoom", yule "kwa njia ya video", wa tatu anaacha wazi. Nimewahi kuona muhtasari wa kikundi cha kuweka na kukopa ulioandikwa "WhatsApp, Dar es Salaam", kwa kuwa mwenyekiti alikuwa Dar es Salaam. Chini yake, kwenye orodha ya waliohudhuria, wenzake wa Mwanza na Muscat waliwekewa neno "hewani" kwenye mabano.

Kwa maoni yangu jina lipo na tunalo mdomoni: kikao cha mtandaoni. Wakiwa watu wengi, mkutano wa mtandaoni. Ninalitetea kwa sababu majina mengine tunayotumia yana kasoro, na kasoro hizo zinawagusa watu.

Nianze na "video". Jina hili limeshika sana maofisini. Machi 2020 mawaziri wa nchi 16 za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walipokuwa wakutane Dar es Salaam, na korona ikawazuia kusafiri, taarifa zilisema baraza limekutana "kwa njia ya video". Kwa mawaziri wale ilikuwa sawa, maana kila mmoja alikuwa mbele ya skrini kubwa na intaneti isiyokatika. Sasa njoo kwenye vikao vyetu. Mwenyekiti akishafungua tu, kinachofuata ni "jamani zimeni kamera, bando linaisha". Kikao kizima kinakwenda kwa sauti, mara inakatika, mara inarudi na mwangwi. Kukiita kikao cha video ni kukipa jina la kitu ambacho hakikuwepo.

Kenya ina mfano mzuri zaidi. Aprili 2020 Mahakama Kuu iliruhusu kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi kufanya mikutano mikuu ya mwaka bila wanahisa kukusanyika ukumbini. Mwanahisa aliweza kujisajili kwa kubonyeza nyota, tarakimu na reli (alama ya #) kwenye simu yoyote, hata ya kitochi, na kura akapiga kwa njia hiyo hiyo. Mzee mwenye hisa zake chache huko kijijini hakuona uso wa mkurugenzi hata mmoja, lakini kura yake ilihesabiwa. Huyo naye alihudhuria. Jina lolote linalotanguliza picha linamwacha nje ya mlango.

Wahandisi wamependa picha tangu zamani. Mwaka 1964 kampuni ya AT&T ya Marekani ilionyesha simu yenye skrini, Picturephone, katika maonyesho ya dunia ya New York. Mwaka 1970 ikaanza kutoa huduma hiyo kibiashara kule Pittsburgh, kwa bei kubwa, wateja wakawa haba, mwisho ikaachwa. Miaka ile ile watu waliendelea kupigiana simu za kawaida na kuelewana vizuri tu.

Halafu kuna "zoom". "Tuna zoom saa tatu." Nalielewa, ni fupi, na Waswahili tumezoea kuita kitu kwa jina la kampuni: dawa ya viatu yoyote ni kiwi. Lakini jina la kampuni lina tabu yake. Miaka michache nyuma tuliambizana "tukutane Skype", na jamaa waliokuwa ughaibuni walijulikana kwa sauti ile ya Skype ikiita. Mei 2025 Microsoft waliifunga. Muhtasari wa zamani ulioandikwa "Mahali: Skype" sasa unataja mahali pasipokuwepo. Tena kikao kinaweza kuanzia Zoom, dakika arobaini za bure zikaisha, kikamaliziwa WhatsApp. Kikao ni kile kile, ajenda ile ile, mwenyekiti yule yule.

Wengine wanapendekeza "mkutano pepe", kwa kufuata barua pepe. Hili silitaki kabisa. Barua pepe lilikubalika, sina ugomvi nalo. Ila "pepe" likiwekwa kwenye mkutano linanuka uwongo kidogo, kama vile mkutano wenyewe haupo, upo mfano wake tu. Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana bila kukaa chumba kimoja, wakaipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuwa mwanachama wa saba wa Jumuiya. Uamuzi ule ulikuwa na uzito wote wa uamuzi wa ukumbini. Hakuna upepe pale.

Uzito huo ndio unaonifanya ning'ang'anie jambo hili. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwaka huo huo zikatungwa kanuni za kusikiliza mashauri kwa mbali na kuyarekodi kielektroniki. Mahabusu anaweza kubaki gerezani na kesi yake ikasikilizwa na hakimu aliye mbali. Tukisema "alifika mahakamani", ni kweli au si kweli? Shahidi aliyetoa ushahidi akiwa mji mwingine, tuandike alikuwa wapi? Mtu asiyejua Kiingereza ana haki ya kuelewa kwa lugha yake kwamba anatakiwa kuhudhuria mtandaoni, na kwamba kuhudhuria huko kunahesabika. Akiambiwa "VC", kifupi cha Kiingereza cha "video conference", na karani mwenye haraka, atajuaje?

Na kwenye vikundi vyetu pia. Nimeshuhudia mabishano marefu kuhusu akidi: je, aliyejiunga kwa simu anahesabiwa? Katiba ya kikundi inasema "wajumbe waliohudhuria", na kuna anayeshikilia kwamba kuhudhuria ni kuja na miguu yako. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe hospitalini aliunga simu, akachangia hoja mbili, na mwisho akaandikwa kwenye "waliokosa kwa udhuru". Hakusema kitu wakati ule. Kikao kilichofuata hakuingia. Laiti fomu ingekuwa na safu mbili chini ya waliohudhuria, moja ya waliokuwa ukumbini na nyingine ya waliokuwa mtandaoni, mabishano yasingekuwepo.

Ule mkutano ambao baadhi wako ukumbini na baadhi mtandaoni nao una jina lake tayari: mkutano mseto. Nani hajui mseto? Tunayo serikali ya mseto, tunacho kilimo mseto. Huu ndio mkutano mgumu kuliko yote, kwa sababu waliomo ukumbini wanacheka pamoja na kunong'onezana, na aliye mtandaoni anasikia viti vikiburuzwa. Mwenyekiti anapaswa kuwauliza wa mtandaoni kwanza, kabla ya ukumbi. Nimeona ikifanyika, na kikao kinabadilika papo hapo.

Kuna watakaosema mtandao ni intaneti, na mzee wangu wa kitochi hakuwa kwenye intaneti. Lakini msikilizeni Mswahili anavyosema. "Unatumia mtandao gani?" anauliza, na anamaanisha kampuni ya simu. "Huku hakuna mtandao," anasema aliye shambani, akiinua simu juu. Mtandao kwetu ni simu na intaneti kwa pamoja. Neno hili linamchukua waziri mwenye skrini kubwa na linamchukua mzee wa nyota na reli. Na ile "-ni" ya mwisho inasema mahali. Kwa hiyo kwenye muhtasari inatosha kuandika "Mahali: mtandaoni", na programu iliyotumika, kama kuna haja, ikatajwa pembeni.

Najua neno halishiki kwa kutetewa tu. Kishikwambi, yaani tableti, kilichekwa sana kilipoanza kusikika. Wengi waliona ni neno la kulazimisha. Kisha ikaja sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba nacho mkononi, na baada ya sensa vifaa vile vikapelekwa kwa walimu. Leo mtoto wa shule ya msingi analitamka bila kusita. Neno lilikuja pamoja na kitu chenyewe, katika kazi ambayo kila kaya iliiona.

Kikao cha mtandaoni hakihitaji hata msukumo mkubwa hivyo, maana watu wanalielewa wakilisikia mara ya kwanza. Kinachokosekana ni maandishi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ingeweza kulitolea mwongozo wa ukurasa mmoja, wenye kikao cha mtandaoni, mkutano mseto na namna ya kuorodhesha mahudhurio. Hati za wito wa mahakama, barua za mialiko za halmashauri na fomu za vyama vya ushirika ndizo zianze nalo, kwa sababu hizo ndizo karatasi zinazomfikia mtu asiyekuwa na ofisi.