Ile stika ya KARIBU CHAI ni sura ya mtoto wetu

Kwenye grupu letu la vicoba haipambazuki bila mtu kutuma stika. Mwezi wa pili wote iliyotamba ilikuwa moja: binti kaachama anacheka, picha imekatwa mpaka umebaki mdomo, pua na kipande cha jicho, meno yana ile rangi ya kahawia ya sisi tuliokunywa maji ya Arusha tukiwa wadogo, na chini imeandikwa KARIBU CHAI. Nimeituma mwenyewe. Tena si mara moja. Na meno yangu ni hayo hayo.

Jumapili moja nikaenda Tabata kwa mdogo wangu. Binti yake yuko kidato cha pili, ni mtoto ambaye shikamoo yake huwa naipokea tangu getini. Siku hiyo hakutoka chumbani. Mama yake akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwishamaliza kazi, "Simu nimeshamnyang'anya, dada. Ipo kabatini na ufunguo ninao mimi." Nikauliza kafanya nini.

"Hajafanya. Wamemfanyia."

Akanionyesha. Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa naomba mnisaidie kuelewa. Mtoto akikabwa njiani akaporwa begi, akirudi nyumbani tunamvua na viatu? Maana ndicho tunachofanya. Stika ile ilitengenezwa na mwanafunzi mwenzake kwa picha aliyompiga kwenye mahafali ya kaka zao wa kidato cha nne. Simu ya binti yetu ikiwa kabatini, stika iliendelea kutembea kama kawaida, na asubuhi akiingia darasani anaambiwa "karibu chai" kwa mdomo, bila hata bando. Kilichobadilika ni kwamba sasa hajui jana usiku wamesema nini, na rafiki yake wa Moshi aliyekuwa anamtumia voisi za kumtia moyo hampati tena.

Mdogo wangu, kabla ya kufunga kabati, alifuta kila kitu. Anasema alikuwa anatoa uchafu. Tulipofika polisi, dawati la jinsia na watoto, swali la kwanza likawa, na ni swali la haki kabisa, ushahidi uko wapi? Ulikuwepo ujumbe unaosema "kesho ukija tunakupigia mswaki sisi", na namba ya mtumaji, na saa. Umekwenda na uchafu. Kwa hiyo wazazi wenzangu, kabla hujalia na kabla hujafoka, piga skrinishoti. Namba ionekane, tarehe ionekane, kisha zitume kwenye simu yako. Ukishamaliza ndiyo umbloku huyo mtu na kuiripoti akaunti yake. Kufuta kuje mwisho kabisa.

Nilikaa na binti uani tukichambua mchele. Nikamuuliza ameijua lini. Akasema wiki tatu kabla ya mama yake. Wiki tatu! Mbona hukusema? "Ningesema wangechukua simu, mama mkubwa." Hakuwa na hasira hata kidogo, aliendelea kutoa chuya. Nami nikanyamaza, kwa sababu alitabiri na ikawa.

Hiyo ni stika ya meno. Mfikirie yule anayetishwa na mtu mzima asiyemjua, "tuma picha nyingine, la sivyo hii naipeleka kwa baba yako." Naye anapiga hesabu ile ile: nikisema napokonywa simu, nachapwa, naitwa malaya mbele ya bibi. Anatuma ya pili. Anatuma ya tatu. Anayemtisha anatutegemea sisi wazazi, anajua tutakavyofoka, na biashara yake inaendeshwa na ukali wetu. Mtoto akijua kwamba akisema simu inabaki mkononi mwake na mama anakaa pembeni yake, huyo mtu hana tena cha kumtishia.

Sawa, simu saa nane za usiku ndani ya shuka nayo sitetei. Mdogo wangu ana haki ya kuweka saa ya kulala, na simu zote, ya kwake ikiwemo, zikachajiwe sebuleni. Na ule mpangilio wa WhatsApp wa nani anaweza kukuingiza kwenye grupu uwekwe kwa unaowajua tu. Hayo nakubali. Lakini utaratibu wa nyumba ni kitu kimoja, na kumwadhibu aliyeumizwa ni kitu kingine.

Shule ilijibu kwamba wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo kishule tukio halipo. Huko ni kujizima data kwa kiwango cha stashahada.

Sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinataja faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayemtumia mtu ujumbe ili kumtisha au kumtesa moyo. Mimi sitaki mtoto wa miaka 15 aende jela kwa sababu ya stika. Nataka aitwe na mzazi wake, aambiwe alichofanya, aombe radhi kwenye grupu lile lile alikoirusha. Na mtoto anayeona hana wa kumwambia nyumbani apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, hata saa nane za usiku. Picha ya utupu ya aliye chini ya miaka 18 ina dawa nyingine, huduma ya bure inayoitwa Take It Down: simu yenyewe inatengeneza alama ya picha, picha haiendi popote, na mitandao iliyojiunga, kama Instagram na TikTok, inaizuia kwa alama hiyo. Ndani ya magrupu ya WhatsApp haifiki.

Huko ndani tumo sisi. Si watoto walioisambaza KARIBU CHAI mpaka ikafika kwa akina mama wa vicoba. Tuliisambaza wenyewe, kisha jioni tunakaa kulalamika kizazi hiki kimeharibika. Nendeni kwenye ukurasa wowote wa udaku siku binti wa watu amevujishiwa picha, mhesabu wanaume wenye ndevu zao wanaoandika "mwenye konekisheni anitumie inboksi". Enzi zetu tuliandikwa ukutani chooni, likizo ya Desemba ukuta ukapakwa chokaa, basi. Stika mtu akishaihifadhi, hata ukiifuta kwa wote kwako, kwake inabaki.

Jumatatu niliandika kwenye grupu. Niliandika na kufuta mara nne. Nikasema ile sura ni ya mtoto wa mdogo wangu, ana miaka 14, naombeni mwenye nayo aiondoe, na mimi ni wa kwanza kukosa. Wawili wakaandika pole. Mweka hazina akanipigia analia.

Baada ya dakika tatu hivi katibu wetu akajibu kwa stika. Mtoto wa watu, kamasi zimemshuka mpaka mdomoni, imeandikwa SAMAHANI MAMA.