Usinunue injini ya dizeli, nunua pua nzima: maoni kuhusu kugeuza pikapu ya petroli

Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya petroli, 22R au 4Y, mara nyingi bado ina chesisi imara ya kubeba viazi kutoka Isyonje au mbao kutoka Mafinga kwa miaka mingi ijayo. Kinachomchosha mwenye gari ni mafuta. Ndiyo maana wengi huku Nyanda za Juu Kusini wanawaza kutoa petroli na kuweka dizeli, na wazo hilo naliunga mkono. Nisichokiunga mkono ni namna kazi yenyewe inavyofanywa: badala ya kununua pua nzima, yaani sehemu yote ya mbele ya gari la dizeli lililokatwa, mtu ananunua injini tupu ya mtumba, anaishusha gereji, halafu kila kinachokosekana kinatafutwa kwa mtindo wa "tutaunga tu". Gari linawaka na kuondoka vizuri. Baada ya miezi michache silinda hedi imepasuka, au breki zimekuwa ngumu katikati ya mteremko.

Tuanze na hesabu, maana wapo wanaodhani dizeli ni bei rahisi. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na tofauti ya petroli na dizeli imekuwa ndogo. Mwaka 2022 kuna miezi dizeli ilipanda juu ya petroli. Faida haitoki kwenye bei ya lita, inatoka kwenye idadi ya lita. Tuseme Hilux ya 22R ikiwa na mzigo inakwenda kilomita 7 kwa lita, na hiyo hiyo ikiwa na injini ya dizeli iitwayo 3L inakwenda kilomita 10. Kwa kilomita 1,000 petroli itakula lita 143 na dizeli lita 100. Anayekimbia kilomita 2,500 kwa mwezi anaokoa zaidi ya lita 100 kila mwezi, na huyo ana sababu ya kugeuza. Anayezunguka mitaa ya Mbeya, Soweto na Mwanjelwa tu, kilomita 300 kwa mwezi, anaokoa lita 13 hivi. Huyo namshauri asafishe kabureta, afunge pistoni ringi mpya, abaki na petroli yake.

Injini ipi? Kwa Hilux mimi nasema 3L (sentimita za ujazo 2,779) au 5L (2,986). 2L ya 2,446 inafunga vizuri lakini ni dhaifu kwa milima yetu ukiweka tani moja. Wengi wanavutiwa na 2L-T na 1KZ-TE kwa sababu ya tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na hoja yao ina uzito: hewa ya Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na Kitulo kwenye mita 2,600 inapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Tabo inafidia upungufu huo. Lakini injini hizo mbili zinajulikana kwa kupasua silinda hedi zikipata joto kupita kiasi, na 1KZ-TE ina pampu ya dizeli ya kompyuta ambayo fundi wa kawaida hawezi kuitibu njiani. 3L haina tabo, pampu yake ni ya kimakanika, na spea zake zimejaa kwa sababu ya Hiace. Inatoa takriban nguvu farasi 90 pwani, na huku juu unapata pungufu yake. Anayetarajia ipande mlima kwa kasi kuliko 22R atasikitika. Itapanda taratibu, kwa gia ya chini, na mafuta kidogo.

Sasa kuhusu pua nzima. Soma kibati cha namba za modeli kwenye chumba cha injini. Herufi ya kwanza inataja familia ya injini: RN ni Hilux iliyozaliwa na injini ya R, YN ya Y, LN ya L, yaani dizeli. Toyota waliunda chesisi hiyo hiyo ikiwa na dizeli, kwa hiyo kila kifaa unachohitaji kipo kwenye LN ya kizazi kile kile. Tafuta LN iliyokatwa mbele, uchukue injini ikiwa na gia boksi lake, nyumba ya klachi, mauntini na mabano yake, rejeta na feni na kava ya feni, alteneta, stata, chujio la dizeli na kitenganishi cha maji, boksi la chujio la hewa, waya wa kanyagio la mafuta, na nyaya zote hadi kwenye rilei ya hita plagi, zile plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Ukijumlisha bei ya vitu hivyo kimoja kimoja dukani, utaona pua nzima ni nafuu hata kama bei yake ya kwanza inatisha.

Gia boksi la petroli usiliwazie. Matundu ya boliti za nyumba ya klachi ya R, Y na L hayalingani, na kulazimisha kwa bamba la kuchonga ni kujitafutia shida: katikati ya krenki shafti na shafti ya gia boksi pakipishana kidogo tu, beringi ya flaiwili inakufa na klachi inatetemeka. Gia boksi la dizeli likiingia, pima propela kabla ya kukata chochote. Ikibidi kukata, ipelekwe kwenye mashine ya kusawazisha, la sivyo gari litatikisika kuanzia kilomita 60 kwa saa.

Injini ya Hiace ni mtego wa pekee. Bloku ni ile ile, lakini sampu (bakuli la oili chini ya injini), bomba la kunyonya oili na mabano ya mauntini ni tofauti. Kwenye Hilux ya 4x4 yenye ekseli nzima mbele, sampu isiyo yake inagonga ekseli springi zikikandamizwa. Sampu, bomba la kunyonya na dipstiki vihamishwe kwa pamoja. Ukibadilisha sampu ukaacha dipstiki ya zamani, kipimo cha oili kinadanganya. Oili ni karibu lita 6, ya daraja la dizeli, 15W-40.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kitabu cha Toyota kinasema kilo 32 kwa sentimita ya mraba injini ikiwa nzima, 20 ndiyo mwisho, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Kumbuka Mbeya geji itasoma chini kidogo kwa sababu ya hewa; ukipata 26 hadi 28 zikiwa sawa sawa, usiikatae. Silinda moja ikiwa 27 na nyingine 19, achana nayo. Washa, fungua kifuniko cha oili: moshi unaopuliza kwa nguvu ni pistoni ringi zilizochoka. Mkanda wa taimingi badilisha kabla injini haijaingia kwenye gari, pamoja na beringi ya kukazia na oil sili za mbele. Maisha yake ni kilomita 100,000, na hakuna anayejua injini ya mtumba imekwenda ngapi. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Breki ndiyo sehemu ambayo ningependa kila fundi aisome mara mbili. Busta ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, kwenye petroli inavuta hewa kutoka kwenye manifoldi, kwa sababu kabureta ina kilango kinachozuia hewa. Dizeli hizi hazina mvuto huo. Zinatumia pampu ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya alteneta, inayolainishwa na oili ya injini kwa mipira miwili, mmoja wa kuleta na mwingine mpana wa kurudisha. Alteneta ya kuokoteza isiyo na pampu hiyo itachaji betri vizuri, na gari litasimama vizuri uani. Ukishuka Kitonga na mzigo, ukikanyaga mara ya pili au ya tatu kanyagio linakuwa gumu, na nguvu ya mguu peke yake haitoshi. Mpira wa kurudisha oili ukikunjwa, pampu inajaa oili na kuivuja, au inaimeza hadi busta inalowa. Jaribio lake ni rahisi: zima gari, kanyaga breki mara tano mpaka iwe ngumu, shikilia, washa. Kanyagio lisipozama kidogo ndani ya sekunde chache, gari halitoki gereji.

Joto ndilo linaloua injini nyingi za L huku kwetu, na sababu moja haisemwi sana. Kwenye mita 1,700 maji yanachemka karibu nyuzi 94, na Kitulo karibu 91. Kinachokuokoa ni mgandamizo ndani ya rejeta, yaani kifuniko. Kifuniko kilichochoka, kisichoshika ule mgandamizo wa 0.9 ulioandikwa juu yake, kinatosha kuchemsha gari Isyonje ilhali lingefika salama Kyela. Nunua kipya. Rejeta ya petroli ni nyembamba, usiirudishe hata kama inaingia. Kava ya feni irudi, na feni yenye klachi ya mafuta mazito ikaguliwe: injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni ikizunguka bure mkononi, haifai.

Halafu kuna tabia ya kutoa thermostati "ili gari lipoe". Kwenye L inafanya kinyume. Thermostati yake ina diski ya pili chini, ambayo injini ikipata moto inafunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mlimani hedi inapata joto, asubuhi injini haipati moto wa kutosha. Weka mpya, na utumie kulanti, si maji ya mfereji.

Tenki la petroli linaweza kubaki, kwa masharti. Dizeli inalainisha utando wa zamani uliokauka ndani ya tenki, ukaenda moja kwa moja kwenye chujio, kwa hiyo lishushwe lioshwe. Litahitaji bomba la kurudisha, maana pampu ya dizeli inarudisha mafuta mengi. Pampu ya umeme ya petroli, kama ipo, iondolewe. Usitumie bomba la mabati; zinki inaharibiwa na dizeli na kuacha uchafu unaoziba nozo. Kitenganishi cha maji si cha hiari kwa anayenunua mafuta ya madumu Makete au Chunya vijijini. Chujio la kwanza libadilishwe baada ya kilomita 500, la pili baada ya 2,000, ndipo urudi kwenye ratiba ya kawaida.

Umeme una mitego mitatu. Solenoidi ya kukata mafuta juu ya pampu inataka volti 12 kamili swichi ikiwashwa, na waya uliokuwa unaenda kwenye koili mara nyingi unapitia rezista, hautoshi. Tafuta waya mwingine wa swichi, weka fyuzi. Fundi anayetoa kile kipini cha solenoidi "ili liwake tu" ameacha gari lisilozimika kwa ufunguo. Pili, hita plagi: soma volti zilizochongwa kwenye kila moja. Zipo za 6 hivi na za 11 hivi, na kila aina ina rilei zake. Za 6 zikipewa 12 moja kwa moja zinaungua siku hiyo hiyo, na asubuhi ya Juni Njombe au Makete dizeli ya aina hii bila hita haiwaki. Tatu, betri na kebo. Stata ya dizeli inakula umeme karibu mara mbili ya ile ya petroli. Weka betri ya N70 na kebo nene, pamoja na kebo ya pili ya ardhi kutoka injini hadi chesisi. Kipimo cha mizunguko kilichosoma kutoka kwenye koili kitakufa, na sioni sababu ya kugharimika kukifufua.

Dizeli ni nzito kuliko petroli, kwa hiyo pua itashuka. Hilux zenye fimbo za kujipinda mbele zinarekebishwa kwa boliti zake, kisha alaimenti. Difu iache ilivyo, usitafute ya mbio. Barabara zetu ni milima. Kwenye 4x4, ukilazimika kubadilisha, badilisha ya mbele na ya nyuma kwa uwiano mmoja. Mabano ya mauntini yakichomelewa, yachomelewe ubavuni mwa chesisi kwa mistari ya urefu, kamwe si kukatiza ukingo wa juu au wa chini, kwa sababu hapo ndipo chesisi inapoanza kupasuka.

Moshi mweusi gari likipanda si alama ya nguvu. Pampu nyingi zimewekwa kwa hewa ya pwani, na huku juu zinamwaga dizeli isiyopata hewa ya kuunguza. Ipelekwe kwa fundi wa pampu na nozo hapa hapa mkoani, ipunguzwe mpaka moshi uwe wa kijivu hafifu ukikanyaga mwisho na mzigo. Linalofanya kazi kati ya Kyela, mita 500, na Kitulo pampu yake iwekwe kwa hewa ya mlimani: litapoteza nguvu kidogo ziwani, lakini halitapika hedi mlimani.

Kadi ya gari ina namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta, na vyote vitatu vimebadilika. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya injini siku unayonunua, piga picha namba iliyochongwa kwenye bloku kabla haijafichwa na alteneta na mabomba, kisha peleka gari kwa mkaguzi wa polisi na nyaraka TRA, mamlaka ya mapato, ili kadi ibadilishwe. Ifanye wiki hiyo hiyo. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi linakupa maelezo marefu kwenye kila kizuizi kuanzia Tunduma hadi Iringa, na likipata ajali, bima ina sababu ya kukataa kulipa.