Fundi Apewe Cheo Chake Angali Hai

Wajapani wana jambo moja ambalo natamani Mtwara na Lindi waliige, na wala si treni zao za mwendo kasi. Ni namna wanavyomtambua fundi. Huku Japani ninakoishi, mfinyanzi, mfumaji, mfua panga au mwigizaji wa michezo ya kale anaweza kupewa na serikali cheo ambacho watu mitaani hukiita Ningen Kokuho, yaani hazina ya taifa iliyo hai. Kwenye nyaraka za serikali kina jina refu zaidi, lakini hakuna anayelitumia. Bibi wa dukani akikuambia fulani ni Ningen Kokuho, sauti yake hubadilika.

Naishi Suzuka, mkoa wa Mie, mji wa viwanda vya magari, na kazi yangu ni ya kiwandani kama ya wageni wengi hapa. Kwetu ni Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, na wajomba zangu ni wachonga vinyago. Ndiyo maana habari ya cheo hiki imenigusa kuliko mambo mengine mengi ambayo watu wa nyumbani huniuliza kuhusu Japani.

Cheo hiki kilizaliwa na janga. Tarehe 26 Januari 1949 moto uliunguza picha za kale za ukutani katika hekalu la Horyu-ji, karibu na mji wa Nara, moja ya majengo ya mbao ya zamani kuliko yote duniani. Nchi ilikuwa imetoka vitani, watu hawana kitu, na bado msiba ule uliwauma. Mwaka uliofuata, 1950, wakatunga sheria ya kulinda mali za utamaduni. Sheria hiyo haikuishia kwenye mahekalu na sanamu. Ilisema pia kwamba ujuzi ulio mikononi mwa mtu ni mali ya kulindwa.

Mwanzoni sheria ilitazama ujuzi uliokuwa unakaribia kupotea tu, kwa hiyo fundi alikumbukwa pale kazi yake ilipokuwa inakata roho. Mwaka 1954 wakairekebisha. Tangu hapo kinachopimwa ni ubora na uzito wa ujuzi wenyewe, uwe hatarini au usiwe. Mafundi wa kwanza walitambuliwa mwaka 1955. Nayapenda sana marekebisho hayo, maana sisi bado tuko kwenye ile hatua ya mwanzo, ya kukimbilia kitu kikiwa kimeshafika ukingoni.

Katika mafundi hao wa 1955, sita walikuwa wa kazi moja, na kazi hiyo ni ya hapa hapa Suzuka. Inaitwa Ise-katagami. Ni karatasi zinazobandikwa pamoja kwa maji ya tunda liitwalo kaki, halafu zinakatwa nakshi ndogo ndogo mno kwa visu vyembamba, na kwa nakshi hizo ndipo kitambaa cha kimono hutiwa rangi. Mmoja wa wale sita alikuwa mwanamke, Jonokuchi Mie. Yeye hakukata nakshi. Kazi yake ilikuwa kutandaza nyuzi za hariri katikati ya karatasi mbili zilizokwisha kukatwa, ili nakshi zisijikunje wala kuhama wakati wa kupaka rangi. Kitambaa kikikamilika, uzi wake hauonekani popote. Serikali ikamtafuta mama huyo, ikampa heshima ile ile waliyopewa waliokata nakshi. Kila nikilikumbuka hilo nawakumbuka akina mama wa kwetu ambao kazi zao hubeba sherehe nzima na hakuna anayewataja.

Tena cheo hiki kina mzigo ndani yake. Fundi hupewa yen milioni 2 kwa mwaka, fedha ambazo hazifiki nusu ya anachopata mfanyakazi wa wastani wa nchi hii, kwa hiyo asidhani mtu kuwa wanatajirishwa. Fedha hizo ni za kunoa ujuzi na kufundisha wengine, na fundi hueleza amezitumiaje. Nafasi nazo hazizidi watu 116 hivi, kwa sababu bajeti ndiyo hiyo. Mmoja akifariki, nafasi hufunguka. Ufaransa iliiga wazo hili mwaka 1994 kwa cheo chake cha fundi mkuu, na huko pia fundi hufungwa na ahadi ya kumrithisha mwanafunzi wake kazi. Korea Kusini ilitunga sheria yake mapema zaidi, mwaka 1962.

Sasa nije kwetu.

Newala hakuna asiyemjua fundi wake. Mpiga ngoma hodari huitwa kutoka kijiji cha pili wakati wa jando, kungwi hupishwa njia, na anayevaa midimu, yaani vinyago vya ngoma, akacheza vizuri jina lake hutajwa mpaka msimu mwingine. Hakuna waziri aliyetia saini. Hapa Suzuka jirani yangu wa ukuta mmoja tunaamkiana kwa kuinamisha kichwa, na jina lake nalijua kwa kulisoma mlangoni. Kwa heshima ya mtu na mtu, nyumbani tumewaacha mbali sana Wajapani, na nasema hivyo bila kusita. Mtoto wa Kimakonde anayelelewa karibu na mjomba mchongaji hujifunza kwa kukaa miguuni pake, kuokota vipande, kushika tezo kidogo kidogo, hadi siku anaachiwa gogo lake mwenyewe. Shule ya namna hiyo Wajapani wanaitafuta kwa fedha, maana vijana wao wamehamia Tokyo na Osaka.

Lakini heshima hiyo yetu inaishia mpakani mwa kijiji. Kinyago kikitoka Newala kikafika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, jina la mchongaji limeshabaki njiani. Kinauzwa kama Makonde, basi. Mnunuzi akiuliza nani kakichonga, anajibiwa kabila. Watafiti wamejitahidi kuokoa baadhi ya majina: Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, ule wa kuchonga mizimu na majini, katika miaka ya 1950, na Roberto Yakobo Sangwani, anayehusishwa na ule mtindo wa watu waliobebana ambao baadaye nchi nzima iliuita ujamaa. Wote wawili walitoka Msumbiji kama walivyotoka wachongaji wengi wa wakati ule. Muulize kijana wa sekondari ya Masasi au Tandahimba kama amewahi kuyasikia majina hayo. Kinyago cha ujamaa chenyewe amekiona, pengine hata kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya.

Huku mkoani Mie, katika mji wa Ise, eneo la Futami, kuna jumba la makumbusho lililowekwa mahsusi kwa ajili ya sanaa ya Kimakonde. Ise ni mji mtakatifu kwa Wajapani, wanakwenda kuhiji huko kama sisi tunavyofikiria Makka au Roma. Na katika mji huo mpingo wetu umewekewa paa. Nilipoingia nilijawa fahari, kisha nikaumia. Niliumia kwa sababu mwanafunzi wa Newala akitaka kuona kazi bora za babu zake zimekusanywa mahali pamoja na kutunzwa, ni mbali mno kufika.

George Lilanga, mtoto wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934, alianza na uchongaji kabla ya michoro yake kuvuka bahari. Kazi zake zimeonyeshwa Marekani, Ulaya na hapa Japani. Alifariki mwaka 2005. Sijui ni mtaa gani Mtwara unaoweza kumwonyesha mgeni na kumwambia huyu alikuwa wetu.

Na Lindi kuna habari inayonisumbua zaidi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru. Dinosaria mmoja kati ya hao amesimamishwa Berlin, ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji na mtayarishaji wa mifupa ile alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mwanasayansi Mjerumani alipoipa jina aina mpya ya dinosaria kutoka Tendaguru, aliiita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Nashukuru kwamba jina lake limeandikwa. Lakini lilikuja karibu miaka mia baada ya kazi, kutoka kwa wageni, na kwa lugha ya wataalamu. Yeye hakulisikia.

Wapo watakaosema Tanzania ina nishani zake. Ni kweli, na nishani zinatolewa na Rais mwenyewe siku za kitaifa. Siombi ziondolewe. Nishani hutazama nyuma: umefanya, tunakushukuru, hongera. Ninachokitaka mimi kinatazama mbele: wewe ni fundi, chukua fedha hizi, na vijana hawa wawili wajue unachokijua kabla hatujakuzika. Kwetu tunajua sana kusifu msibani. Wasifu wa marehemu ukisomwa utasikia alikuwa nguzo ya utamaduni, na kila mtu anaitikia kwa kichwa. Hiyo nguzo wiki mbili kabla ilikuwa inakopa fedha ya msasa na dawa ya viatu ya kung'arishia vinyago.

Hoja ya fedha siikubali kirahisi. Mtwara na Lindi ni mikoa ya korosho. Halmashauri zetu zinapata ushuru kila msimu wa mnada. Tena sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hakuna kinachozuia kikundi cha vijana waliojiunga chini ya fundi mmoja kuomba sehemu yao. Sidai yen milioni 2. Fundi mmoja kwa kila wilaya, posho ya kumwezesha kununua magogo ya halali na kuwalisha wanafunzi wake mchana, inatosha kuanzia.

Nasisitiza magogo ya halali kwa sababu cheo bila mpingo ni maneno matupu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, na unagombewa na viwanda vya Ulaya vinavyotengeneza klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza. Kilwa wametuonyesha njia. Vijiji vya huko vilipata cheti cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa utaratibu mwaka 2009, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Msitu upo Lindi, wachongaji wapo Mtwara, na barabara ya lami inaunganisha. Mwanafunzi wa fundi mwenye cheo angeweza kutengewa magogo yake kutoka kwenye uvunaji huo huo kwa bei ya nyumbani.

Choyo nayo haitakosekana. Atapewa huyu, yule atanuna, na mwanasiasa atataka apewe shemeji yake. Japani waziri hutangaza majina baada ya baraza la wataalamu kuyachambua. Sisi baraza hilo tunalo tayari vijijini: wakulungwa, yaani wazee wa mila, makungwi, wachongaji wenyewe, na wale wanaoandaa tamasha la MaKuYa pale Mtwara, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao hukutana kucheza ngoma zao. Hao ndio wapendekeze. Halmashauri iidhinishe na kulipa, basi, isichague.

Na orodha isije ikawa ya wachonga vinyago peke yao, eti kwa kuwa ndio wanaojulikana na wazungu. Mfinyanzi mwanamke wa uwandani anayejua udongo wa kuchimba na kuni za kuchomea, fundi majahazi wa Kilwa na Mikindani, mpiga ngoma, kungwi anayejua nyimbo zote za unyago na mpangilio wake, hao nao wamo. Ningeulizwa mimi nani awe wa kwanza Newala, ningemtaja mfinyanzi, kwa sababu sufuria ya dukani imeshaingia kila jikoni na mabinti wengi hawashiki tena udongo.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai, na bajeti hupangwa miezi kadhaa kabla. Diwani yeyote wa Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea au Kilwa anayesoma hapa ana nafasi ya kulipeleka hili kwenye kikao. Sisi tulio nje tuko tayari kuchangia posho ya wanafunzi wa kwanza. Tuambieni tu fundi ni nani na anafundisha wapi.