Viti 300, Mwezi Haujafika

Bibi mmoja wa Bagamoyo alinipigia simu wiki mbili baada ya Idi ndogo ya 2024. "Mwanangu, nataka viti mia tatu na maturubai manne. Tuna maulidi katikati ya mwaka, mfunguo sita, mwezi kumi na mbili."

Mimi mtu wa bara nikasikia miezi miwili inagombana: wa sita na wa kumi na mbili. Nikaamua ugomvi mwenyewe. Katikati ya mwaka si Juni? Basi 12 ni tarehe. Nikaandika 12/6 kwenye kitabu cha oda, nikapiga mstari.

Jumatano hiyo Fuso ilifika saa mbili asubuhi. Vijana walishashusha viti kama themanini bibi akatoka na upawa mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafiwa?"

Kumbe majirani walishajibu swali hilo wenyewe. Wanawake wawili walikuwa wanakuja wamejifunga kanga viunoni, mmoja analia. Mzee mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza maziko saa ngapi, akanipa rambirambi shilingi 5,000.

Bibi akavuta kiti kimoja (sikumtoza), akanisomesha. Mwaka wa pwani huhesabiwa tangu watu wanapofungua saumu: Shawali ni Mfunguo Mosi, inaendelea hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Kwa hiyo Mfunguo Sita ndio unaofunga nusu ya mwaka. Ni Rabiul-Awwal, ambao Waarabu huuita wa tatu kwa kuwa wao huanzia Muharamu, Mfunguo Nne wetu.

"Na hiyo kumi na mbili?"

"Nilisema mwezi kumi na mbili, siku ya kumi na mbili tangu uandame. Sikusema mwezi *wa* kumi na mbili. Leo ndiyo kwanza Mfunguo Tatu unaanza, watu wanatafuta mbuzi wa kuchinja!"

Nilimrudishia mzee rambirambi yake. Akasema nikae nayo tu, iko siku itahitajika.

Maulidi yakaangukia katikati ya Septemba, nikapeleka viti bila kosa. Kwa kujiona nimehitimu, nikaandika kwa kalamu nyekundu: bibi wa Bagamoyo, 15/9 kila mwaka. Nilisahau kwamba mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11.

2025, mwanzoni mwa Septemba, simu ikaita magharibi.

"Mwanangu, wageni wamesimama uani. Kwako wewe leo mwezi ngapi?"