Damu Iliyovilia Kichwani: Tundu Limeonewa

Tangu jaribio la EMBOLISE la Marekani lichapishwe Novemba 2024, mazungumzo kuhusu damu inayovilia polepole chini ya dura, ule utando mgumu wa ubongo, yamehamia kwenye katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Kutoboa fuvu kumeanza kutajwa kama ufundi wa kizamani.

Hoja ya katheta ni nzito. Mzee hujigonga kichwa, na wiki tatu au zaidi baadaye mguu unaburuta na maneno yanampotea. Kufikia hapo damu imejijengea ganda lenye vimishipa dhaifu vinavyovuja kila mara, navyo hulishwa na ateri ya kati ya tando za ubongo. Daktari akipitia kwenye kinena au kifundo cha mkono na kuiziba ateri hiyo kwa Onyx, kimiminika kinachoganda ndani ya mshipa, uvujaji unakosa chanzo. Wagonjwa wote 400 wa EMBOLISE walifanyiwa upasuaji. Kati ya walioongezewa kuzibwa ateri, waliolazimika kupasuliwa tena ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 4.1, dhidi ya asilimia 11.3 ya wenzao. Yaani unaziba ateri za watu 14 ili mmoja asirudi mezani.

Sasa utazame mpira wa silikoni unaoachwa kwenye tundu la fuvu. Cambridge, katika jaribio lililotoka kwenye The Lancet mwaka 2009, wagonjwa 215 walitobolewa fuvu. Nusu waliachiwa mpira wa kuchuruzisha, nusu hawakuachiwa. Damu ilirudi kwa asilimia 9.3 dhidi ya 24. Hapo ni watu 7 tu kwa kila mmoja anayeepushwa. Na vifo vya miezi sita: asilimia 8.6 dhidi ya 18.1. Jaribio lilikatishwa mapema kwa sababu faida ilionekana wazi, na majaribio ya namna hiyo huelekea kutia chumvi. Haya, ikate faida ya mpira katikati: bado inalingana na ya katheta. Wagonjwa wa majaribio haya mawili si sawa, ni kweli, lakini hata ndani ya EMBOLISE kwenyewe vifo havikupungua kwa waliozibwa: asilimia 5.1 dhidi ya 3.0 ya wenzao.

Kazi yenyewe ni ndogo ila haisamehi uzembe. Wengi hutoshwa na sindano ya ganzi kichwani bila nusu kaputi, jambo kubwa kwa mtu wa miaka 80 mwenye moyo uliochoka. Yanatobolewa matundu mawili ya milimita 14 hivi, dura inapasuliwa, na damu nyeusi kama oili chafu inatoka yenyewe. Panaoshwa kwa maji ya dripu yenye joto la mwili mpaka yatoke meupe. Wafini walijaribu kuacha kuosha: waliopasuliwa tena wakawa asilimia 18.3, dhidi ya 12.6 ya waliooshwa. Kabla ya kufunga, nafasi hujazwa maji ili hewa isibaki ikakandamiza ubongo.

Mpira hupitishwa chini ya ngozi utokee walau sentimita 5 mbali na kidonda, vijidudu visipate njia ya mkato, na hukaa saa 48. Mfuko unaning'inia chini ya usawa wa kichwa, bila kufyonza. Wodini ndiko mambo huharibika: mgonjwa anapelekwa CT scan, mtu anamwekea mfuko kifuani huku mpira haujabanwa, na kilichotoka kinarudi. Mpira nao ukisukumwa ndani wakati ubongo umeshapanuka tena, huuchoma. Ndiyo maana wengine huulaza juu ya mfupa, chini ya ngozi.

Katheta ina hatari zake pia. Kwa baadhi ya watu ateri hiyo imeungana na ile ya jicho, na Onyx ikipotea njia mgonjwa hupofuka. Tawi jingine hulisha neva ya uso. Bila chumba cha angiografia, yaani cha kupiga picha za mishipa ya damu, na mikono iliyozoea, hayo hayazuiliki. Mahali pake ni kwa mwenye valvu ya chuma moyoni asiyeweza kuacha warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aliyetobolewa mara mbili na damu ikarudi, au mwenye kuumwa kichwa tu na damu kidogo. Lakini aliyeanza kusinzia, mboni moja ikiwa imetanuka, Onyx haimsaidii usiku huo: damu iliyokosa chanzo huchukua wiki kadhaa kunywea.